Dada Hakuitika

Kiwanja cha dada yangu kilikuwa mjini, mtaa wa Ufukoni, na siku hizi kina ukuta. Nikipita pale sitazami. Hapana, naongopa, natazama. Juu ya ukuta wamepanda vipande vya chupa, na ule mnazi aliokuwa akianika pweza chini yake umekatwa, kimebaki kisiki wanachokalia walinzi. Aliyemo ndani simjui wala sina ugomvi naye. Alikipata kwa njia ya ofisini na karatasi zake zimetimia. Zetu ndizo hazikutimia, na sababu ni jina.

Nitaanzia mbali, mnivumilie, kwa sababu nikianzia karibu mtamwona dada yangu mkaidi, na watu wengi walimwona hivyo.

Kwetu mtoto hupewa jina akizaliwa, na akienda jandoni au unyagoni huliacha hukohuko porini, akarudi nyumbani na jingine. Lile la kwanza halirudi naye. Ukimwita mtu mzima kwa jina lake la utotoni umemtukana kuliko kumtukania mama yake. Zamani watu walitozwa mbuzi kwa kosa hilo, na wengine walipigwa kwanza ndipo mbuzi akatafutwa. Mimi langu sijalitamka tangu nilipotoka jandoni. Huwa linanijia usingizini kwa sauti ya marehemu bibi, nami nageukia upande wa pili.

La dada lilikuwa baya zaidi, na halikuwa baya kwa bahati mbaya. Kabla yake mama alizaa watoto watatu, wote hawakufika arobaini. Wazee wakasema kifo kimeizoea nyumba hii, kinaingia bila hodi. Basi huyu wa nne wakampa jina la kitu kinachofagiliwa asubuhi na kutupwa nyuma ya nyumba, ili kifo kikija kimdharau, kiseme uchafu kama huu naupeleka wapi. Kikaja kikapita. Mimi niliyemfuata nikapewa jina la kawaida tu, maana njia ilikwisha safishwa.

Dada alipotolewa unyagoni, somo wake, yule mama aliyemfunda, alimwambia mbele ya wanawake: "Yule mtoto tumemzika. Akiitwa, usigeuke." Dada alinihadithia mwenyewe, tena si mara moja. Alikuwa akilisema hilo neno kama wengine wanavyosoma dua kabla ya kulala.

Sasa kiwanja. Dada aliachwa na mume akiwa bado ana nguvu, kijijini kwetu Mpapura, akaenda mjini na mama. Mimi nilibaki shambani na mikorosho yetu. Yeye bahari ikipwa, maji yakitoka, alikuwa anashuka kusaka pweza na wenzake, na pweza wakiadimika aliuza ming'oko ya kuchemsha karibu na stendi. Ming'oko si chakula cha mtu asiyezaliwa kwetu. Ni mizizi myembamba inachimbwa porini, ukiila unafyonza unga unatema nyuzi. Mgeni mmoja alinunua kwa dada akaimeza na nyuzi zake, akarudi kulalamika. Dada akamwambia, "Baba, hicho umekula kamba." Hadithi hiyo watu wa stendi walikuwa nayo miaka mingi.

Kwa kazi hiyo alinunua kiwanja, katika miaka ya tisini, kwa mzee mmoja aliyekuwa anahamia Lindi kwa wanawe. Mjumbe wa nyumba kumi aliandika kwenye karatasi ya daftari la shule, akagonga muhuri, wakaweka madole. Jina lililoandikwa ni la dada, la ukubwani, analojulikana nalo. Akajenga nyumba ya udongo, baadaye akaipiga bati upande mmoja. Upande wa pili alisema utasubiri. Ukasubiri mpaka mwisho.

Halafu miaka ya elfu mbili ikaingia, na kompyuta ikaingia nayo halmashauri. Ilikaa chumba cha peke yake, imefunikwa kitambaa cha kufuma kama kitanda cha bibi harusi, na watu walivua viatu mlangoni kwa ajili ya vumbi. Niliwahi kumwona mzee mmoja akitoka humo kinyumenyume, kama anavyotoka mtu msikitini kwa adabu. Hatukuona ajabu.

Tukaitiwa mkutano. Afisa alisimama akasema viwanja vyote vinapimwa upya, na habari za kila mwananchi zitaingia kwenye kompyuta, na kutoka kompyuta zitaingia kwenye tovuti ya halmashauri, mtu aone cha kwake popote alipo duniani. Akasema hiyo ni haki yetu. Akasema maneno ya njoo kesho yamekwisha. Hapo tulipiga makofi kweli, mikono ikauma, maana hakuna mtu pale ambaye hakuwa ameambiwa njoo kesho.

Mvuvi mmoja, jirani wa dada, mtu wa masihara, akanyoosha mkono. "Na ikikosea?"

"Kompyuta haikosei, mzee wangu. Anayekosea ni binadamu."

"Sawa. Na huyo binadamu tutampata wapi?"

Watu wakacheka, afisa naye akacheka, mkutano ukafungwa.

Waandikishaji walikuja msimu wa korosho. Nani aliyepanga wakati ule sijui, ila hakuwa mtu wa huku. Msimu wa korosho Ufukoni inabaki na kuku na wazee. Dada alikuwa kwangu Mpapura tunaokota, mama peke yake kibarazani anamenya muhogo. Wakaja vijana wawili wenye kofia za kufanana, wakamwamkia vizuri, wakakaa mkekani. Wakamuuliza nyumba ya nani. Akasema ya binti yangu. Jina lake?

Mama akataja jina la dada, hili la ukubwani. Yule kijana akamuuliza kama hilo ndilo alilopewa alipozaliwa. Walikuwa wamekatazwa kuchukua majina ya mtaani, maana mjini kila mtu ana lake la kupachikwa. Akamwambia, "Tunataka lile la kwanza kabisa, bibi. La kuzaliwa. Serikali inataka la kweli."

Mama hakuwa mtu wa kuidanganya serikali. Na nadhani, kwa jinsi alivyonieleza baadaye, aliona kama anaulizwa na daktari: kuna mambo hayasemwi, lakini kwa daktari yanasemwa, kwa sababu ni siri yake na kazi yake. Akaangalia kama hakuna mtu njiani. Akamnong'oneza kijana sikioni.

Kijana akaandika, akashukuru, wakapewa muhogo wakala.

Na si mama peke yake. Mtaa mzima mabibi walinong'ona siku ile. Walitoa majina ya watoto wao, ya wajukuu wao, wanaume wenye ndevu na wanawake wenye wajukuu, yote yaliyozikwa porini, wakidhani wanaikabidhi serikali amana.

Miezi ikapita. Siku moja ofisi ya kata ikabandika makaratasi yaliyotoka kwenye kompyuta, kila kiwanja na mwenyewe, mje mhakiki. Lo! Watu walianza kwa kucheka, kisha kicheko kikakatika mmojammoja kila mtu alipofikia la kwake. Ngumi zilipigwa pale. Vijana waliosoma wakaenda duka la intaneti wakakuta orodha ileile imo humo, wakarudi nayo kichwani. Jioni dada alipopita na ndoo yake ya pweza, akasikia nyuma ya ua sauti inamwita kwa jina lile, na kicheko juu yake.

Hakugeuka.

Alikuja nyumbani akaiweka ndoo, akamuuliza mama, "Mama, walikuuliza nini wale watoto?" Mama akamweleza. Dada akasema, "Haya." Hakumlaumu siku ile wala siku nyingine yoyote, na mimi naona heri angemlaumu, mama angepata pa kulilia.

Tukaenda halmashauri, mimi na dada. Karani wa kompyuta alikuwa kijana wa bara, mpole, shati lake limepigwa pasi. Akatuamkia, akatafuta kiwanja, akamuuliza dada jina lake. Dada akataja.

"Huku kuna jina jingine, mama." Akalisoma, kwa sauti, kama anavyosoma mtu jina lolote.

Dada akatazama nyuma yake, kama vile aliyeitwa amesimama mlangoni. Kisha akasema, "Huyo simjui."

"Basi na kiwanja si chako, mama."

Nikaingilia. Nikamweleza yote, jando na unyago, kifo kilivyoizoea nyumba, mama na vijana wa kofia. Nikamwonyesha karatasi ya mjumbe. Alisikiliza mpaka mwisho, na wengi hawasikilizi. Akasema, "Nimekuelewa, mzee. Lakini humu hakuna mahali pa kuandika hayo."

"Si ulifute tu, uandike hili?"

"Mimi nimepewa kusoma. Kufuta wanafuta Dar es Salaam, waliotengeneza. Tunatuma maombi."

"Yanajibiwa?"

Akaangalia vidole vyake. "Bado, mzee. Hata moja bado."

Hapo umeme ukakatika, kama kawaida ya umeme wetu wa siku zile, na kioo kikawa cheusi. Tukajiona sisi watatu humo ndani, tumekaa.

Mimi nimesoma mpaka darasa la pili, sheria sizijui. Ila tangu siku ile nimekuwa nikilifikiria neno la yule afisa wa mkutano. Kuandikwa tuliambiwa ni haki yetu. Kuona tulivyoandikwa, haki yetu. Haki ya kusema "hapa mmekosea, futeni" hatukuambiwa, na mimi nadhani hata yeye hakuambiwa.

Karani alituonyesha njia moja. Dada aende mahakamani, aape kwa Msahafu kwamba majina yale mawili ni ya mtu mmoja, alete karatasi ya kiapo, basi. Wengi walifanya hivyo. Yeye dada aliposikia hilo neno "mtu mmoja" alitangulia kutoka.

Nyumbani nikamwambia, "Dada, nenda uape, yaishe. Jina ni upepo."

"Haya, wewe sema lako. Tuko wawili tu hapa. Liseme tusikie upepo."

Nikafungua mdomo. Halikutoka. Dada akainuka akaenda kupika.

Tukamwita shehe wa msikiti wetu aseme naye, mtu mwema, tena wa ukoo. Akamwambia, "Binti yangu, Mwenyezi Mungu anajua nia. Hayo ni maneno ya ofisini tu."

"Na Msahafu nitakaoshika, shehe, utakuwa wa ofisini?"

Shehe akavuta ndevu.

"Mimi niliambiwa yule amekufa," dada akasema, "nikaliliwa, nikaogeshwa, nikavishwa nguo mpya. Wanawake wote wa rika langu ni mashahidi. Leo niape kwamba yule ni mimi? Nitakuwa nimeongopa kwa Mungu, au nitakuwa nimemfufua. Na akifufuka, kilichokuwa kikimtafuta si kitakuja?"

Watu walisema ni ujinga. Inawezekana. Mimi sikuweza kusema ni ujinga, kwa sababu nilikuwa nimefungua mdomo na halikutoka.

Ikafika siku ya mwisho ya uhakiki. Korido ya halmashauri ilijaa, watu wamekaa chini na vikapu, joto la kabla ya mvua. Utaratibu ulikuwa huu: karani anasimama mlangoni, anaita jina lililomo kwenye kompyuta, mwenyewe anaitika, anaingia, anathibitishwa. Asiyeitika anaandikwa hajajitokeza, na kiwanja chake kinarudi halmashauri, kinatangazwa upya. Dada alikuwa amekuja na karatasi yake ya mjumbe kwenye pindo la kanga. Alikuwa bado anatumaini wataisoma. Mama naye alikataa kubaki, akaja na fimbo yake.

Wa kwanza kwetu kuitwa alikuwa yule mvuvi wa masihara. Jina lake la utotoni likatajwa, korido ikatulia, watu wakamwonea aibu. Naye akaruka juu: "Nipo! Nipo, na govi langu!"

Watu walicheka mpaka wengine wakajifuta machozi, hata karani aliyekuwa hajui kinachochekwa. Akaingia ndani, akatoka na karatasi yake. Alipopita kwa dada akainama, akasema kwa sauti ya chini, masihara yote yamemtoka, "Shemeji, meza tu. Linauma kooni, halafu linashuka."

"Kwako limeshuka?" dada akamuuliza.

Alienda zake, na nakumbuka hakutuaga.

Kisha karani akaita jina lile. Naliandika hivi, "jina lile," na nitaendelea hivyo hivyo mpaka nife.

Akaliita. Wanawake wote wa mtaa waliangalia sakafu, na hilo naliona lilikuwa heshima kubwa. Dada alikuwa akitazama ukuta wa mbele yake. Akaliita tena, kwa sauti zaidi, ingawa alikuwa anatuona na alikuwa anatujua. Mimi nikasema, "Yupo huyu hapa, bwana, ni dada yangu, wewe unamfahamu." Karani akasema, "Najua, mzee. Lakini mwenyewe aitike. Mama, neno moja tu. Sema nipo, nikabonyeze."

Dada akatoa ile karatasi kwenye pindo akamnyooshea. Karani hakuipokea. Alikuwa anatikisa kichwa polepole, kama anayemkataza mtoto kisu.

Ndipo nikasikia fimbo. Mama amesimama.

"Nipo," mama akasema.

Hakuna aliyecheka. Karani akamtazama. "Bibi, wewe ndiye?"

"Ndiye mimi."

"Umezaliwa lini, bibi?"

"Mwaka wa nzige."

Bwana mkubwa mmoja wa ofisi alikuwa anapita na faili zake. Akasimama, akachungulia kwenye chumba cha kompyuta, akasema, "Aliyeandikwa humu hawezi kuwa na umri huo. Huyu bibi anataka kujitwalia kiwanja cha mtu. Mtoeni." Akaenda zake. Karani hakumtoa mama. Alisema tu, "Keti, bibi, tafadhali," na sauti yake ilikuwa imebadilika.

Mama hakuketi. "Jina nimelitoa mimi. Alipewa na mimi, likasemwa na mimi. Kama mnataka mtu wa kuitika, mnichukue mimi."

Dada akainuka. Akafunga kanga yake vizuri, akairudisha karatasi pindoni, akamshika mama mkono. "Twende, mama," akasema, kwa upole kabisa. "Mtoto wako alikufa zamani. Usimsumbue."

Tukatoka. Nyuma yetu karani aliita jina la mtu mwingine.

Kiwanja kilitangazwa kabla mwaka haujaisha. Dada aling'oa bati la ule upande mmoja, akalipandisha kwenye gari la mizigo, wakaja Mpapura wote wawili. Bahari hakuiona tena isipokuwa mara chache. Shambani hakupazoea, alikuwa akiamka wakati wa maji kutoka, akakaa kitandani hana pa kwenda. Wanawake wa huko walimwita kwa jina lake, kila mmoja, tena walilitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Mama ndiye hakumwita kwa jina lolote. Tangu siku ya korido alikuwa akimwambia "wewe" tu, au "mwanangu". Jioni moja alinishika mkono akaniambia, "Nilimficha kifo kisimwone, halafu nikaenda kumwonyesha serikali."

Dada akafariki. Homa ya siku chache, hakukuwa na kisa. Wapo walionong'ona kwamba kifo kilikuja kumchukua kwa lile jina, na mama aliwasikia.

Baada ya arobaini nilikuwa na shughuli mjini, nikaingia duka la intaneti. Sijui nilikuwa nataka nini. Binti wa dukani aliniamkia, nikamwomba anitafutie ile tovuti ya halmashauri. Ilifunguka taratibu, kutoka juu kwenda chini, kama pazia linashushwa. Picha ya afisa yuleyule wa mkutano ilikuwepo, anatabasamu. Na orodha ilikuwepo. Ukuta ulikwisha jengwa, mwenye kiwanja mpya alikwisha hamia, lakini humo hakuna aliyegusa kitu. Binti alitafuta kiwanja chetu, akasoma kimoyomoyo midomo ikicheza, na mbele ya jina lile palikuwa pameandikwa: hajajitokeza.

Nikamuuliza, "Unaweza kumfuta huyu?"

"Mimi? Babu, mimi nauza dakika tu."

"Basi zima."

"Nikizima hapa linabaki hukohuko, babu. Haliondoki."

Nilirudi Mpapura jua linazama. Mama alikuwa kibarazani na muhogo wake, macho yamekwisha kuwa mazito, anamenya kwa kupapasa. Akanitambua kwa miguu. Akaniuliza nimepita wapi, nikamwambia. Kisu kikaenda mara mbili tatu.

"Bado wamemwandika?"

Nikamwambia, "Wamemfuta, mama. Nimeona kwa macho yangu."

Akasema alhamdulillahi, akauliza kama nimekula.